Get Out, Black Swan au Parasite: uanze na ipi?

Mtu akiuliza aangalie filamu gani ya taharuki ya kisaikolojia, na akaongeza kwamba hataki ile inayofuata njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, majina matatu hayakawii kutajwa: Black Swan ya Darren Aronofsky iliyotoka mwaka 2010, Get Out ya Jordan Peele ya mwaka 2017, na Parasite ya Bong Joon-ho ya mwaka 2019. Zote tatu zilifika kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya filamu bora, na zote huchanganya tanzu ambazo kwa kawaida hazikai chungu kimoja. Lakini mwenye jioni moja tu ya kutazama hasaidiwi na sifa za namna hiyo, kwa kuwa kila filamu kati ya hizi humtikisa mtazamaji kwa njia yake, na inayomfaa mmoja inaweza kumchosha au kumuumiza mwingine.

Nitazilinganisha kwa ufundi na kwa uigizaji. Miisho sitaisimulia, na pale nitakapolazimika kueleza onyesho fulani kwa kina nitachagua la nusu ya kwanza, ili ambaye hajaziona asipokonywe utamu wake.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni namna tanzu zinavyochanganywa: je, unaingia mwingine taratibu hata usijue mpaka uko wapi, au filamu inageuka ghafla ukajikuta ndani ya hadithi nyingine? Cha pili ni uigizaji, na hapa sijali sana nani alipewa tuzo bali mwigizaji amebebeshwa kazi gani. Cha tatu ni ufundi wa kamera, sauti, uhariri na mahali. Cha nne ni kile ambacho filamu inamdai mtazamaji, yaani muda, lugha, uvumilivu wa kuona damu, na maonyesho ambayo hayatazamiki mbele ya kila mtu.

Juu ya vigezo hivyo kuna swali moja ambalo naona linazitenganisha filamu hizi kuliko jingine lolote: tumeazimwa macho ya nani, na tuyaamini kwa kiasi gani? Taharuki ya kisaikolojia huishi katika pengo lililopo kati ya kile mhusika anachokiona na kile kilichopo kweli. Get Out inatupa macho ya kuaminika katikati ya watu wasioaminika. Black Swan inatupa macho ambayo yenyewe yameanza kuharibika. Parasite haitupi macho ya mtu mmoja, bali inatuweka mahali ambapo tunadhani tunaiona nyumba nzima.

Namna tanzu zinavyochanganywa

Get Out inaanza kama hadithi ya kutambulishwa ukweni. Chris, kijana mweusi ambaye kazi yake ni kupiga picha, anakwenda mashambani na mpenzi wake mzungu, Rose, ili akaonane na wazazi wake. Dakika nyingi za mwanzo zingeweza kabisa kuwa za vichekesho vya adabu: baba mkwe anayejitahidi kupita kiasi kuonyesha kwamba hana ubaguzi, wageni wenye maswali ya ajabu, shemeji asiyejua akomee wapi. Peele alijulikana kwanza kwa vichekesho vya televisheni, na ustadi wake wa kujua mzaha ukatwe sekunde gani ndio huohuo anaoutumia kutisha. Filamu iliingizwa katika kundi la vichekesho na muziki kwenye tuzo za Golden Globe, jambo lililozua mabishano mengi, na nadhani mabishano yale yalikuwa ya haki. Kicheko cha filamu hii hakimpi mtu nafasi ya kupumzika. Rod, rafiki wa Chris anayefanya kazi ya usalama kwenye uwanja wa ndege, ndiye anayechekesha kuliko wote, na ndiye huyohuyo anayesema mambo ambayo ingefaa yasikilizwe.

Black Swan haina mzaha wa kutaja. Msingi wake ni tamthilia ya jukwaani: Nina, mchezaji wa baleti jijini New York, anachaguliwa kuongoza Swan Lake ya Tchaikovsky, na mwili mmoja unatakiwa ucheze batamaji mweupe asiye na hatia na batamaji mweusi mwenye hila. Juu ya msingi huo Aronofsky anamimina filamu ya kutisha, lakini matone yake ni madogo sana: mkwaruzo mgongoni, ukucha uliopasuka, mtu anayepishana naye njiani mwenye sura iliyofanana mno na yake. Hakuna dakika ambayo unaweza kusema hapa ndipo mambo yalipogeuka. Ndiyo maana watazamaji wawili waliokaa kochi moja wanaweza kutofautiana kabisa kuhusu kilichotokea.

Parasite inatumia mbinu iliyo kinyume. Kwa takriban saa nzima ni filamu ya ujanja, ya kuchekesha waziwazi: familia ya Kim, maskini wanaoishi kwenye nyumba iliyozama nusu chini ya ardhi, wanajipenyeza mmoja mmoja kwenye ajira za familia tajiri ya Park huku wakijifanya hawajuani. Halafu usiku mmoja wa mvua kengele ya mlango inalia. Kuanzia hapo filamu inabadilika, na Bong hapigi parapanda yoyote kumwandaa mtazamaji. Anayependa kushtukizwa atafurahi. Anayependa ahadi ya mwanzo itimizwe kwa sauti ileile anaweza kuhisi amepandishwa gari moja akashushwa kwenye jingine.

Uigizaji

Hapa ndipo filamu hizi zinapotengana zaidi, na hapa ndipo ningemshauri mtu apime kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Tanzu zikichanganywa, mtu wa kuziunganisha ni mwigizaji. Kamera inaweza kubadilisha mwanga na muziki ukabadilisha mwendo, lakini uso ule uliotuchekesha dakika kumi zilizopita ndio unaotakiwa sasa ututishe bila kuonekana umeazimwa kutoka filamu nyingine.

Katika Get Out mzigo huo unabebwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka Uganda, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutotenda. Chris ni mtu aliyejifunza kumeza maneno. Anasikia jambo la kuudhi, anatabasamu kidogo, anageuza mazungumzo, na sisi tunasoma hesabu yote hiyo usoni pake. Onyesho la kikombe cha chai linaonyesha kwa nini uteuzi wake wa Oscar ulistahili. Chris anarudi ndani usiku baada ya kutoka nje kuvuta sigara; mama yake Rose, Missy, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili, anamkaribisha kitini. Catherine Keener hapandishi sauti hata mara moja. Anakoroga chai, kijiko kinazunguka ukingoni mwa kikombe, na kati ya mzunguko na mzunguko anauliza habari za usiku ule mama yake Chris alipofariki. Vidole vya Kaluuya vinaanza kukwaruza mkono wa kiti. Macho yanapanuka na kujaa machozi, kidevu kinatetemeka, na mwili uliobaki hausogei. Anamwigiza mtu anayetambua kwamba mwili wake umeacha kumtii, na anafanya hivyo akiwa amekaa kitini, karibu kwa macho peke yake. Betty Gabriel, anayecheza mfanyakazi wa nyumbani Georgina, anapata dakika chache tu za filamu, lakini kuna moja ambamo anatabasamu, anakana, anakana tena, na chozi linashuka juu ya tabasamu lilelile. Sijui waigizaji wengi wanaoweza kuziweka hisia mbili zinazopingana kwenye uso mmoja bila moja kuimeza nyingine.

Natalie Portman katika Black Swan anafanya kazi ya aina nyingine kabisa. Yeye hana pa kujificha, kwa kuwa yumo karibu katika kila onyesho na kamera inamganda mgongoni. Alifanya mazoezi ya baleti kwa takriban mwaka mmoja kabla ya kupiga filamu, na baada ya kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike yalizuka mabishano kuhusu kiasi cha densi alichocheza yeye na kiasi alichocheza mbadala wake. Kwa maoni yangu mabishano hayo yanatazama miguu wakati uigizaji uko shingoni na kooni. Msikilize anapompigia mama yake simu kumwarifu kwamba amechaguliwa: amejifungia chooni, anazungumza kwa kisauti chembamba cha mtoto wa miaka minane, analia na kucheka, na mara moja unaelewa bila kuelezwa ni malezi gani yaliyomfikisha hapo. Muda mfupi baadaye anatoka na kukuta tusi limeandikwa kwa rangi ya midomo kwenye kioo. Sauti ile haikui sawasawa filamu inapoendelea. Inapasuka, na mipasuko hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Barbara Hershey, anayecheza mama, anafanya upendo uonekane kama mkono unaobana, na Mila Kunis anafaa kwa sababu mwili wake umelegea kila mahali ambapo wa Portman umekaza. Vincent Cassel kama kiongozi wa kundi la baleti ni mzuri, ingawa mhusika mwenyewe ameandikwa kwa wino mwembamba kidogo.

Parasite haikupata uteuzi hata mmoja wa Oscar kwa mwigizaji. Lakini kundi lake zima lilishinda tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, SAG, na matokeo hayo mawili yanaeleza uigizaji wake vizuri kuliko uchambuzi mrefu. Hakuna wa kumtoa na kusema huyu ndiye filamu. Kila mmoja katika familia ya Kim anacheza mtu anayeigiza, na kila mmoja anaigiza kwa kiwango tofauti cha kipaji. Park So-dam, kama binti Ki-jung, anadanganya kwa wepesi wa mtu anayejimiminia maji. Song Kang-ho, kama baba Ki-taek, hana kipaji hicho, na kuna onyesho tamu sana ambamo wamekaa nyumbani wakifanya mazoezi ya maneno atakayomwambia bibi Park, naye mwanawe anamwambia apunguze hisia, zimepanda mno, azishushe. Mwigizaji mahiri wa Korea Kusini anamcheza mwigizaji mbaya anayefundishwa na mtoto wake, halafu picha inaruka na tunamsikia akiyatamka maneno hayohayo kwa bibi huyo, safari hii kwa kipimo sahihi. Cho Yeo-jeong, anayecheza bibi Park, angeweza kumfanya mjinga wa kuchekwa. Badala yake amemfanya mtu mwepesi wa kuamini kwa sababu maisha hayajawahi kumpa sababu ya kutilia shaka.

Ufundi

Aronofsky na mpigapicha wake, Matthew Libatique, walitumia zaidi mkanda wa filamu wa milimita 16, unaotoa picha yenye chembechembe na isiyo safi, kisha wakaishika kamera mkononi. Baleti tumezoea kuiona kutoka kwenye viti vya watazamaji, ikiwa laini na mbali. Hapa tunaisikia ikihema, viatu vikigonga mbao, vifundo vya miguu vikilia. Clint Mansell aliuchukua muziki wa Tchaikovsky akaupinda, hivyo wimbo unaoufahamu unakujia ukiwa na kitu kibaya ndani yake. Vioo viko kila mahali. Viko vingi kupita kiasi, ukiniuliza mimi, na kufikia nusu ya pili mtu ameshaelewa ishara hiyo bila kukumbushwa tena.

Get Out ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 250, na uhaba wa fedha hauonekani kwa sababu vitisho vyake havihitaji mitambo mikubwa. Vingi viko katika sauti na katika umbali wa kamera kutoka usoni. Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analipata bure na wengine hawalipati. Picha za mwanzo za miti ikipita kando ya gari zimewekewa wimbo wa Michael Abels unaoitwa Sikiliza Kwa Wahenga, na maneno yake ni ya Kiswahili. Sarufi yake ni ya mgeni kidogo, kwani sisi tungesema wasikilize wahenga, lakini ujumbe unafika: ni onyo kwa kijana aliye safarini. Kwa watazamaji wengi ulimwenguni ile ni minong'ono ya ajabu tu ya kuwasisimua. Kwetu sisi filamu imeshasema wazi tangu dakika za mwanzo kwamba mtu huyu anapaswa kukimbia, na yeye, kama wao, hasikii. Udhaifu wa Get Out uko kwenye theluthi ya mwisho, ambapo mambo yanaelezwa kwa haraka na kwa uwazi mno, na sehemu ya ule ukungu wa awali inapotea.

Parasite ni filamu ya mahali. Nyumba ya akina Park ilijengwa kwa ajili ya filamu, chini ya usimamizi wa mbunifu wa mandhari Lee Ha-jun, na mtaa wa akina Kim ulijengwa ndani ya bwawa ili uweze kufurishwa maji. Ukiitazama mara ya pili, hesabu ngazi: watu wanapanda kwenda kwa matajiri na kushuka kurudi kwao, na mpigapicha Hong Kyung-pyo anaipandisha na kuishusha kamera pamoja nao. Uhariri wake unafikia kilele katika mfululizo wa dakika kama 5 unaohusu matunda ya pichi, ambapo mpango mzima wa hila unapangwa, unafanyiwa mazoezi na kutekelezwa kwa pamoja, muziki wa Jung Jae-il wenye ladha ya baroko, mtindo wa zamani wa Ulaya, ukiusukuma mbele kwa adabu zote. Kasoro yake ni kwamba ujanja wa nusu ya kwanza unafanikiwa kwa urahisi unaotia shaka. Mtu akitaka kuhoji kila hatua, atapata ya kuhoji.

Filamu inakudai nini

Zote tatu ziliwekwa Marekani katika daraja la R, kwa hiyo hakuna ya kuwaachia watoto. Get Out ni ya dakika 104 na damu yake nyingi iko mwishoni. Parasite ni ya dakika 132, iko katika Kikorea, na asiyeijua lugha hiyo atahitaji kusoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Hilo halikuizuia kushinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2019 na kuwa, mwaka 2020, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Oscar ya filamu bora. Ina onyesho moja la faragha la mume na mke, na ukatili unaokuja kwa kishindo. Black Swan, dakika 108, ndiyo inayodai zaidi ingawa si ndefu: ina maonyesho ya ngono yasiyofaa kutazamwa pamoja na wazazi au wakwe, ina kujidhuru, na inakaa karibu sana na mateso ya mtu anayeuadhibu mwili wake kwa njaa na mazoezi. Aliyewahi kupitia hali hiyo, au anayeishi na mtu aliye ndani yake, aamue akijua hivyo.

Ipi kwa hali ipi

Kama mnatazama kundi la watu wenye ladha tofauti, mmoja akipenda kucheka na mwingine akipenda kutishwa, Get Out na Parasite zinafaa kuliko Black Swan. Kati ya hizo mbili, chagua Get Out ikiwa kuna mtu asiyependa kusoma maandishi au atakayekuwa akiingia na kutoka, kwa kuwa nyuzi zake ni chache na mhusika wa kumfuata ni mmoja. Parasite inataka watu waliokaa. Ukikosa dakika tano za katikati, hutaelewa kwa nini kila mtu chumbani amenyamaza.

Anayejifunza uigizaji na anataka kuona mtu mmoja akibeba filamu nzima aanze na Black Swan, kisha ndani ya juma hilohilo atazame Get Out, ili aone kazi ile ikifanywa kwa kufungua kila kitu na ikifanywa kwa kuzuia kila kitu. Anayejifunza kuandika au kuongoza filamu atapata zaidi kwenye Parasite, kwa sababu karibu kila anachokiona mwanzoni kitarudi baadaye kikiwa na uzito mwingine.

Mtu anayekerwa na miisho inayoacha maswali asianze na Black Swan. Get Out itampa majibu, pengine zaidi ya aliyoyahitaji. Aliyechoka na filamu za kutisha zinazoeleza kila kitu afanye kinyume chake. Na anayetazama peke yake usiku, akiwa katika kipindi kigumu cha maisha, naona Black Swan inaweza kungoja.

Jambo moja la vifaa. Parasite ipe skrini kubwa kadiri unavyoweza, kwa sababu nyumba ile ikibanwa kwenye simu inabaki kuwa fanicha tu. Black Swan inavumilia skrini ndogo, kwa kuwa imejaa nyuso. Get Out inaweza kutazamwa hata kwa simu, ila vaa visikizi na uongeze sauti kidogo Missy anapomkaribisha Chris kitini, maana kijiko kile hakigongi kwa nguvu.